Bei ya Mashine na Bei ya Wino: Mazungumzo na Wananchi wa Nyansurura

Nimeombwa nizungumzie printa za wino kwa sababu baadhi ya vikundi hapa vinafikiria kununua moja kwa fedha za pamoja. Fedha hizo zimetoka kwenye hisa za watu wengi, na mweka hazina ndiye atakayeulizwa. Kwa hiyo tulitazame jambo hili polepole.

Anayeingia dukani Mugumu au Tarime huuliza kwanza bei ya mashine. Nawaomba muulize kwanza bei ya wino wake, na kila chombo cha wino kinatoa kurasa ngapi. Printa ziko za namna mbili. Nyingine hutumia katriji, yaani kibweta kidogo kinachotupwa wino ukiisha. Nyingine zina matangi ambayo mwenyewe hujaza kwa chupa. Kampuni ya Epson ilianza kuuza za matangi nchini Indonesia mwaka 2010, baada ya kuona watu wamekwisha kujifungia mirija na chupa za wino kwenye printa za katriji ili kuikwepa gharama.

Tufanye hesabu ya mfano. Katriji ya shilingi 40,000 ikitoa kurasa 160, kila ukurasa umekula shilingi 250 za wino. Chupa ya shilingi 45,000 ikitoa kurasa 4,500, kila ukurasa umekula shilingi 10. Karatasi na umeme bado. Sasa kikundi kitakachotoza shilingi 200 kwa ukurasa huku kikitumia katriji hiyo kitapata hasara kila kinapomhudumia mteja, na kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo hasara inavyokua. Tena idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi hupatikana kwa kurasa maalumu za majaribio. Picha na kadi za harusi humaliza wino mapema zaidi. Na katriji inayokuja ndani ya mashine mpya mara nyingi haikujazwa sawa na ile ya kununua.

Mimi mwenyewe niliwahi kuvutwa na bei ndogo. Rangi ya njano ilipokwisha, mashine ikagoma kuchapa hata barua ya maandishi meusi. Si printa zote zina tabia hiyo, lakini muulizeni muuzaji kabla ya kulipa.

Familia inayochapa barua mbili kwa mwezi haina haja ya kununua kabisa. Iendelee kwenda steshenari. Wino usiotumika hukauka katika matundu ya kichwa cha kuchapia, ambayo ni membamba kuliko unywele. Mashine ina utaratibu wake wa kuyazibua, ila kazi hiyo hula wino, na wino huo huishia katika sponji iliyo ndani, ambayo nayo hujaa. Ni nafuu kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila juma. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara zetu likizidi, ifunikeni kwa kitambaa safi, na karatasi zisikae wazi.

Kuhusu umeme, zimeni printa kwa kitufe chake, kisha ndipo mzime swichi ya ukutani. Ikizimwa kwa kitufe, kichwa hurudi pembeni na kuketi juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia kukauka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi. Utakaporudi, iwasheni, iacheni itulie, halafu mzime kwa kitufe. Kwa wenye sola, printa ya wino hutumia umeme mdogo sana ikilinganishwa na ile ya leza, ambayo lazima ipashe moto wino wake wa unga.

Usafiri ndio unaowaponza wengi. Printa ya tangi iliyokwisha kujazwa haifai kulazwa wala kupakiwa kwenye bodaboda. Wino humwagika ndani. Lakini bila wino haiwezi kujaribiwa dukani. Njia ninayoipendelea ni kuibeba ikiwa kavu, kuijaza ikishafika, na kukubaliana na muuzaji kwa maandishi kabla ya kuondoka kwamba ataipokea ikiwa haichapi. Namba ya mashine iandikwe kwenye karatasi ya dhamana. Daini risiti ya EFD na muitunze. Mnaonunua ng'ambo ya Sirari, ulizeni kama dhamana hiyo inakubalika Tanzania, na kama katriji zinazouzwa huku zitapokelewa na mashine hiyo.

Mkiuziwa wino bandia, au mkiambiwa sifa ambayo mashine haina, msinyamaze. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Pelekeni risiti, boksi na chupa yenyewe, hata ikiwa tupu.

Hapa mezani nimeweka printa moja ya tangi, bado haijatiwa wino. Waweka hazina wasogee kwanza, tuijaze pamoja.