Uhuru wa Kulipia

Mwezi Machi 1861, makasisi wa Moscow na St. Petersburg waliwasomea waumini tangazo la Kaisari Alexander wa Pili: utwana umekwisha Urusi. Zaidi ya watu milioni 20 waliokuwa mali ya mabwana wa mashamba waliambiwa kwamba sasa wako huru.

Tusiudharau ukubwa wa jambo lile. Kabla ya hapo bwana aliweza kumuuza mtwana, kumchagulia mke, kumtandika viboko, hata kumpeleka Siberia. Baada ya tangazo, mkulima aliweza kuoa kwa hiari yake, kumiliki mali, kufanya biashara na kushtaki mahakamani. Hiyo ni heshima ya utu, na haina bei.

Lakini uhuru ule ulipewa bei. Sheria ilisema ardhi ni ya bwana, na mkulima akiitaka ainunue. Serikali iliwalipa mabwana sehemu kubwa kwa hatifungani, kisha ikamdai mkulima malipo ya miaka 49, pamoja na riba. Na bei yenyewe ilikadiriwa kutokana na ushuru aliokuwa akimlipa bwana tangu zamani, si rutuba ya udongo. Katika mikoa ya kaskazini yenye ardhi duni, ambako ushuru ulitoka kwenye vibarua na biashara ndogondogo, mkulima alijikuta ananunua jasho lake mwenyewe.

Mahali pengi mabwana walimega sehemu ya mashamba waliyokuwa wakilima watwana wao, wakabaki na malisho, msitu na njia ya kwenda mtoni. Mwenye ng'ombe asiye na malisho atakwenda wapi? Alirudi kwa bwana yuleyule, akalipia nyasi kwa kumlimia. Watumishi wa majumbani ndio hawakupata hata kipande. Nalo deni lilibebeshwa kijiji kizima: mmoja aliposhindwa kulipa, wenzake walimlipia, na aliyetaka kwenda kutafuta kazi mjini ilimlazimu kwanza apate kibali cha kijiji.

Wakulima waliliona hilo mapema. Katika kijiji cha Bezdna, mkoa wa Kazan, mkulima aliyejua kusoma, Anton Petrov, aliifungua sheria na kuwaambia wenzake kwamba uhuru wa kweli umefichwa na mabwana. Maelfu walikusanyika kumlinda. Aprili 1861 wanajeshi waliwafyatulia risasi, watu wengi wakafa. Petrov mwenyewe alihukumiwa na kuuawa kwa kupigwa risasi.

Alikosea kuisoma sheria ile, lakini hakukosea kuhusu haki. Watu waliofanya kazi bila ujira kwa vizazi ndio waliotozwa, na waliokula jasho lao ndio waliolipwa fidia. Ukimfungua mtu kamba ya mguuni ukamfunga nyingine mkononi, hujamwachia.

Ilihitajika hasira ya mapinduzi ya 1905, vijiji vikichoma majumba ya mabwana, ndipo serikali ikakubali kuyafuta malipo hayo. Yalikoma rasmi Januari 1907. Mtoto aliyezaliwa siku tangazo la uhuru liliposomwa kanisani alikuwa ametimiza miaka 45, na kwa muda wote huo kijiji chake kilikuwa kinaulipia.