Kura Moja Iliyopungua: Namna Katiba Inavyomwajibisha Kiongozi

Mada iliyotolewa na mwanasheria mbele ya mkutano wa wakazi wa kata



Nimeombwa nizungumzie swali linaloulizwa mara kwa mara katika mikutano yetu: kiongozi wa eneo akienda kinyume cha dhamana yake, je, anaweza kuondolewa kabla muda wake haujaisha? Nani mwenye uwezo huo, na kwa utaratibu gani? Kwa idhini yenu nitaanzia kwa jirani zetu wa Kenya. Wao wameliweka jambo hili wazi katika Katiba yao ya mwaka 2010, na wamelijaribu mara nyingi kiasi cha kutuachia mafunzo.

Kenya ina kaunti 47, na kila kaunti huongozwa na gavana aliyechaguliwa na wananchi. Ibara ya 181 ya Katiba hiyo inataja sababu nne za kumwondoa: kuvunja vibaya Katiba au sheria nyingine, kuwapo kwa sababu nzito za kuamini kwamba ametenda kosa la jinai, kutumia ofisi vibaya au kuwa na mwenendo mbaya uliokithiri, na kushindwa kazi kwa maradhi ya mwili au ya akili. Kutopendwa hakumo katika orodha hiyo. Kuhitilafiana na wajumbe wa bunge la kaunti nako hakumo.

Utaratibu wake umewekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Mjumbe anayetaka kuleta hoja huungwa mkono kwanza na theluthi moja ya wajumbe wote. Ili hoja ipite, hutakiwa kura za theluthi mbili ya wajumbe wote, si ya wale waliohudhuria siku hiyo tu. Hata ikipita, gavana bado yumo ofisini. Spika wa kaunti humwarifu Spika wa Seneti katika muda wa siku 2, na Seneti hukutana ndani ya siku 7. Hapo Seneti inaweza kuunda kamati maalumu ya wajumbe 11, ambayo huchunguza na kutoa taarifa ndani ya siku 10. Gavana ana haki ya kufika, kujitetea na kuwa na wakili. Kamati isipothibitisha tuhuma, shauri limekwisha. Ikizithibitisha, Seneti hupiga kura.

Ndugu zangu, tazameni jinsi ngazi hizo zilivyopangwa. Wanaomshtaki si wale wanaomhukumu. Hekima ni hiyo hiyo ya wazee wetu waliokataa mwenye ng'ombe aliyepotea awe mshtaki na papo hapo awe mwamuzi.

Mfano wa kaunti ya Kericho unaonyesha uzito wa hesabu hiyo. Mwezi Oktoba 2024 bunge la kaunti lilipiga kura kumwondoa Gavana Erick Mutai. Wajumbe wa bunge hilo ni 47, na waliounga mkono walikuwa 31. Theluthi mbili ya 47 ni 31 na sehemu ya tatu ya mtu, na kwa kuwa hakuna theluthi ya mjumbe, ilihitajika kura ya 32. Shauri lilipofika Seneti, pingamizi hilo lilikubaliwa na hoja ikaanguka kabla tuhuma zenyewe hazijasikilizwa.

Wapo walioona kwamba huo ulikuwa ujanja wa mawakili. Mimi naliona kwa namna nyingine. Gavana aliwekwa na wapiga kura wa kaunti nzima, nao wajumbe 47 wanapotaka kutengua uamuzi wa wote hao, Katiba inawadai kipimo kamili. Leo kura moja ikisamehewa kwa sababu kiongozi hapendwi, kesho zitasamehewa tano kwa kiongozi anayependwa na wananchi na kuchukiwa na wakubwa. Lakini hasara ya upande wa pili nayo tuione: kama tuhuma zilikuwa za kweli, wananchi wa Kericho walikosa kusikia ushahidi wake siku ile, kwa uzembe wa kuhesabu tu.

Ushahidi nao hupimwa. Juni 2020 bunge la kaunti ya Kirinyaga lilimpigia kura Gavana Anne Waiguru. Kamati ya Seneti ya watu 11 ilisikiliza pande zote, ikaona tuhuma hazikuthibitishwa, naye akaendelea na kazi. Huko Kiambu mambo yalikuwa tofauti. Januari 2020 Seneti ilithibitisha tuhuma dhidi ya Gavana Ferdinand Waititu, akaondoka, na naibu wake akaapishwa. Desemba mwaka huo huo Gavana Mike Sonko wa Nairobi naye aliondolewa. Alikwenda mahakamani ngazi kwa ngazi, hadi Mahakama ya Juu ilipoikataa rufaa yake Julai 2022.

Mahakama nazo huangalia kama njia iliyofuatwa ni halali. Martin Wambora wa Embu, gavana wa kwanza kuondolewa na Seneti, Februari 2014, alirejeshwa na Mahakama Kuu miezi miwili baadaye.

Sasa nije kwa jambo linalotuhusu sisi tunaosubiri dawa katika zahanati na maji katika bomba. Kuondoa kiongozi kuna gharama, na wenye kuilipa ni wakazi. Kaunti ya Meru ilishuhudia Gavana Kawira Mwangaza akipigiwa kura na bunge la kaunti mara tatu, Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Mara mbili za kwanza Seneti haikumwondoa, na ya tatu ikamwondoa. Shauri likaendelea mahakamani hadi Machi 2025, ndipo naibu wake akaapishwa. Kwa zaidi ya miaka miwili viongozi walishughulika na mashtaka na utetezi. Wahenga walisema, fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Je, kwetu hali ikoje? Mkuu wa Mkoa wa Tanzania Bara hachaguliwi kwa kura. Kwa Ibara ya 61 ya Katiba yetu ya 1977 huteuliwa na Rais, na aliyemteua ndiye mwenye uwezo wa kumwondoa. Mwenyekiti wa Halmashauri ni tofauti: huchaguliwa na madiwani, na madiwani hao hao wanaweza kumwondoa kwa kura za theluthi mbili, akiisha kupewa tuhuma zake na nafasi ya kujitetea. Kwa hiyo, mkazi mwenye malalamiko sharti ajue kwanza kiongozi anayemlalamikia anawajibika kwa nani. Lalamiko likipelekwa kwa asiye na uwezo hugeuka kuwa soga la kijiweni.

Pili, hakuna baraza lolote, la Nairobi wala la hapa, linaloweza kuthibitisha tuhuma kwa minong'ono. Ushahidi huanzia chini. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi 3, na humo mapato na matumizi husomwa. Hudhurieni. Ulizeni fedha za mradi zilipokelewa lini, zimetumika kwa lipi, na kilichosalia ni kiasi gani. Hakikisheni swali na jibu vimeandikwa katika muhtasari. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa hadharani kila mwaka. Mwombeni diwani wenu awaeleze zimesema nini juu ya Halmashauri yetu. Muhtasari ulioandikwa vizuri leo ndio utakaomlinda kiongozi mwadilifu anayesingiziwa, na ndio utakaomfunga mdomo mwizi anayejitetea.

Tatu, tusiifanye njia hii kuwa silaha ya kila ugomvi. Kumwondoa kiongozi ni hukumu. Si marudio ya uchaguzi tulioshindwa. Anayeileta hoja bila ushahidi huidhoofisha siku itakapohitajika kwa haki.

Cheo ni dhamana, na mwenye dhamana hudaiwa hesabu. Mkutano wetu ujao wa kijiji usipite bila mmoja wenu kusimama na kuuliza: hesabu ya robo hii iko wapi?