Mgonjwa Katika Nyumba ya Wageni

Jumapili ya 15 ya Mwaka C (Lk 10:25–37)



Injili ya leo twaijua sote tangu utotoni. Mtu mmoja alishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kuhani akapita, Mlawi akapita, Msamaria akasimama. Mara nyingi mafundisho yetu hukomea pale barabarani, penye mafuta, divai na vitambaa vya kufungia majeraha. Lakini Mwinjili Luka anaendelea. Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akampeleka katika nyumba ya wageni, akamwuguza. Kesho yake akamkabidhi kwa mwenye nyumba pamoja na dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kulipa ziada yoyote atakaporudi. Leo twapenda kuingia katika nyumba hiyo ya wageni, kwa maana katika miaka ya karibuni ndugu zetu wengi wamefungiwa ndani yake, na baadhi yao wameugulia humo.

Tuukumbuke mwaka 2020. Mwezi Machi wa mwaka huo, ugonjwa wa korona ulipoingia Afrika Mashariki, Kenya, Uganda na Tanzania ziliagiza kwamba wasafiri wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa wakae karantini siku 14. Wengi walikaa hotelini kwa gharama zao wenyewe. Australia na New Zealand nazo ziliwaweka hotelini raia wao waliorejea. Huko Uingereza, kuanzia tarehe 15 Februari 2021, waliotoka katika nchi zilizoorodheshwa, Tanzania ikiwamo na baadaye Kenya pia, walikaa hotelini siku 10 kwa malipo ya paundi 1,750 kwa mtu mzima mmoja.

Agizo hilo lilikuwa na sababu. Virusi vya korona vyaweza kukaa mwilini siku kadhaa kabla mgonjwa hajaona dalili yoyote, naye huku akiwaambukiza wengine. Kumkinga jirani asiambukizwe ni tendo la upendo, na Mkristo hana budi kulitii hata likimgharimu.

Hata hivyo, maradhi mengine hayangoji karantini iishe. Hebu tumfikirie mama wa makamo arudiye nyumbani baada ya kumtembelea bintiye ng'ambo. Ana kisukari na shinikizo la damu. Dawa alizobeba zilitosha siku za safari tu. Sasa yumo katika chumba cha ghorofa ya tano. Chakula huachwa mlangoni kwa saa asizozichagua yeye: mkate mweupe, soda, matunda ya kopo. Akiba yake ya insulini yahitaji jokofu, na chumbani halimo. Siku ya tatu mguu wake mmoja unavimba na kuuma. Asubuhi muuguzi anapita na kipimajoto, anasoma joto la mwili, anaandika, anakwenda chumba cha pili. Joto ni la kawaida. Hivyo kwa mujibu wa daftari mama huyu ni mzima.

Na mama mwenyewe ananyamaza. Kwa nini? Anaogopa kwamba akitaja ugonjwa wowote ataongezewa siku, na kila siku ina bili yake. Hofu hiyo haikuwa ndoto. Nchini Kenya, palipopatikana mwenye virusi katika kituo, waliokuwamo waliongezewa muda. Tena anaona haya kuwasumbua watu ambao nao wanamwogopa. Basi anameza dawa ya maumivu na kuhesabu siku zilizobaki. Kumbe mguu mmoja unaovimba baada ya safari ndefu ya ndege waweza kuwa na damu iliyoganda mshipani, na donge hilo likifika mapafuni laweza kuua.

Wapendwa, Maandiko Matakatifu yanajua habari za kutengwa. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 12, Miriamu dada yake Musa alipatwa na ukoma, akawekwa nje ya kambi siku saba. Lakini tuangalie neno linalofuata hapo: taifa zima halikung'oa hema hata moja mpaka Miriamu aliporudishwa. Safari ya watu wote ilimngoja mgonjwa mmoja. Na katika Kitabu cha Walawi, sura ya 14, kuhani yuleyule aliyepewa mamlaka ya kumtenga mgonjwa anaamriwa atoke yeye mwenyewe nje ya kambi aende kumtazama. Sheria haikumruhusu kukaa hemani na kupokea habari za watu. Kumbe kila anayemfungia mwenzake mlango, hata kwa haki, amejitwika wajibu wa kubisha hodi katika mlango huohuo.

Kutokana na hayo twapata mafundisho matatu.

La kwanza ni kwa mgonjwa. Kusema ukweli juu ya mwili wako si kukosa uvumilivu. Maumivu ya kifua, kupungukiwa pumzi, mguu mmoja kuvimba, upande mmoja wa mwili kulegea, damu kumtoka mama mjamzito: hayo yasemwe saa ileile, usiku au mchana, wala yasingoje siku ya kutoka. Asafiriye na awe na dawa za kuzidi siku zake, azibebe katika mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari. Siku ya kuingia aeleze maradhi yake na kuuliza: muuguzi anapatikana kwa simu gani, na nani atanipeleka hospitali nikizidiwa?

La pili ni kwa mwenye nyumba, yaani serikali, waganga, wauguzi na watumishi wa hoteli. Mwenye nyumba wa Injili hakutajwa jina, lakini bila yeye huruma ya Msamaria isingefika asubuhi ya pili. Tunawashukuru wengi waliofanya kazi hiyo huku wakihofia afya ya watoto wao. Pamoja na shukrani hizo twawaomba wasiridhike na kipimajoto. Wamwulize kila mtu: unaumwa nini kingine? Dawa zako zimebaki ngapi? Na gharama isiwe kufuli ya pili mlangoni. Mwezi Mei 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza kuwa itagharimia waliokuwa katika vituo vya umma. Huo ulikuwa uamuzi wenye busara, kwa maana mtu asiyeogopa bili husema ugonjwa wake mapema.

La tatu ni letu sisi tuliobaki nje, hasa makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo. Mwanajumuiya akirudi safari na kufungiwa, tusianze kunong'ona kwamba ameleta ugonjwa. Apigiwe simu kila siku, na mtu mmoja apewe kazi hiyo ili isiwe ya wote na hivyo kuwa ya hakuna. Dawa yake ya kila siku inunuliwe ikaachwe mapokezi. Akitoka, apokewe kwa furaha, kama kambi ilivyompokea Miriamu.

Tusidhani mambo haya yamepita. Ugonjwa wa Marburg ulitokea Kagera mwezi Machi 2023, ukatokea Rwanda Septemba 2024, ukarudi Kagera Januari 2025. Na kila mara wale waliogusana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21. Mlango wa chumba utafungwa tena mahali fulani, na nyuma yake atakuwamo mtu mwenye kisukari, mwenye mimba, au mwenye hofu tu.

Basi ndugu wapendwa, Yesu alipomaliza mfano wake alimtuma mwanasheria yule aende akafanye vivyo hivyo. Nasi twatumwa. Tumwombe Mungu Baba awafariji wote walio wagonjwa mbali na nyumbani, awatie moyo wanaowahudumia, na atupe sisi masikio ya kusikia anayeita nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.