Mgonjwa asiyeweza kuita: hatari za mrija wa shingoni na namna ya kuzizuia

Makala ya afya juma hili yanamhusu mgonjwa ambaye, hata akizidiwa, hawezi kuita. Ni mgonjwa aliyetobolewa shingo kwa mbele, chini ya zoloto, akatiwa mrija wa kupitishia pumzi. Upasuaji huo, uitwao trakeostomi, hufanyiwa zaidi wagonjwa mahututi wanaotegemea mashine ya kupumulia kwa siku nyingi, na wale ambao njia yao ya hewa imezibwa na uvimbe au majeraha. Kwa kuwa pumzi haipiti tena kwenye nyuzi za sauti, mara nyingi sauti hutoweka.

Nchini Uingereza, uchunguzi wa taifa zima uliochapishwa mwaka 2011 na chuo cha kifalme cha madaktari wa usingizi, kwa kushirikiana na wataalamu wa njia ya hewa, ulibainisha jambo zito. Katika vyumba vya wagonjwa mahututi, mrija wa shingoni kuhama mahali pake ndiko kulikoongoza kwa kusababisha vifo na madhara makubwa ya njia ya hewa. Wagonjwa wanene walikuwa hatarini zaidi, kwani katika shingo nene mrija wa kawaida huweza kuwa mfupi.

Hatari nyingine ni kuziba. Pua ya binadamu huipasha hewa joto na kuitia unyevu. Hewa ipitayo shingoni huikwepa pua, makohozi yakakauka na kuganda ndani ya mrija. Kwa hiyo hewa hiyo hutiwa unyevu, makohozi hufyonzwa, na mrija wa ndani, ikiwa upo, huchomolewa na kusafishwa mara kadhaa kwa siku.

Siku 7 hadi 10 za mwanzo zinahitaji uangalifu wa pekee. Tundu halijakomaa, na mrija ukichomoka laweza kujifunga. Kuurudisha kwa nguvu huenda kukauingiza katika nyama badala ya njia ya hewa. Ndiyo maana mgonjwa anapogeuzwa, mtu mmoja hupewa kazi ya kuushika mrija tu. Puto linalouzunguka mrija nalo hupimwa, shinikizo lake lisipite sentimita 30 za maji, lisije likakata mzunguko wa damu. Damu inayotoka tunduni baada ya siku kadhaa, hata ikiwa kidogo, isidharauliwe. Dalili ya mvua ni mawingu.

Uchunguzi huohuo ulionyesha kuwa kutotumika kwa kipimo cha kaboni dioksaidi itokayo mapafuni huenda kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo hivyo vya vyumba vya mahututi. Kipimo hicho hufichua mapema kwamba mrija umehama.

Hospitali nyingi za Uingereza huweka pia kibao juu ya kitanda. Cha kijani humaanisha kuwa njia ya kinywani huenda bado ipo, hivyo katika dharura oksijeni hutolewa usoni na tunduni pia. Chekundu humaanisha kuwa zoloto limeondolewa: mapafu hayana njia nyingine ila tundu, na oksijeni ya kinywani peke yake haimfai kitu. Kando ya kitanda huwepo mrija wa akiba wa kipimo kilekile na mwingine mdogo zaidi.

Jamaa anayeketi karibu naye ana wajibu wake: kuhakikisha kengele, kalamu na karatasi vinafikiwa na mkono wa mgonjwa. Mgonjwa akihangaika, akipumua kwa kelele au akibadilika rangi, muuguzi aitwe mara moja. Na iwapo yule aliyekuwa bubu kwa sababu ya puto atasikika ghafla akitoa sauti, jamaa wasikimbilie kushangilia. Huenda mrija umehama, na hiyo ikawa ndiyo njia pekee aliyonayo ya kuomba msaada.