Kikohozi Baada ya Kupona Kifua Kikuu: Haki ya Kupimwa Kabla ya Kutibiwa

Maneno ya mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa kata



Mtu aliyemaliza dawa za kifua kikuu na kuambiwa amepona hutarajia kifua chake kitulie. Wapo hata hivyo ambao, baada ya miezi au miaka, huanza tena kukohoa, kukonda, kuchoka na wakati mwingine kutema damu. Nyumbani na barazani hukumu hutolewa upesi: kifua kikuu kimerudi, au mgonjwa aliruka dawa. Hukumu hiyo huweza kuwa kweli. Huweza pia kumponza mtu.

Kifua kikuu kinapopona huweza kuacha mashimo ndani ya mapafu. Nayo hewa avutayo kila binadamu hubeba mbegu ndogo mno za fangasi aitwaye Aspergillus, aotaye katika udongo, majani yaozayo na nafaka yenye unyevu. Mapafu yenye afya huziondoa mbegu hizo. Zikituama katika shimo la zamani, huweza kuota na kuliharibu pafu polepole. Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu; hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa kikombe wala chumba.

Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1960, watafiti waliwachunguza wagonjwa 544 waliobakiwa na mashimo baada ya kutibiwa kifua kikuu. Takriban robo yao walikuwa na kingamwili dhidi ya fangasi hao katika damu. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima watu waliokwisha kutibiwa kifua kikuu. Ugonjwa ulionekana kwa takriban watu 5 katika kila 100, lakini miongoni mwa wenye mashimo ulifikia takriban mtu 1 kati ya 4.

Tiba ipo. Itrakonazoli, dawa ya kumeza, hutumiwa kwa miezi 6 au zaidi, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huipunguzia sana itrakonazoli nguvu mwilini. Kwa hiyo kuchanganya tiba hizo mbili kwa kubahatisha hakumsaidii mgonjwa.

Hapo ndipo maadili ya tiba yanapopimwa. Kumrudishia mtu dawa za kifua kikuu kwa miezi mingine bila ushahidi ni kumtwisha madhara ya dawa, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Makohozi yapimwe, picha ya kifua ipigwe, na inapowezekana damu ichunguzwe kingamwili. Hata kipimo cha vinasaba huweza kuonyesha mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa, hivyo tabibu anahitaji kujua historia yote. Anayeficha kwamba aliwahi kuugua kifua kikuu kwa kuogopa kunyanyapaliwa hujidhuru mwenyewe: mficha maradhi, kifo humuumbua. Gharama nayo isifichwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Za fangasi hazimo katika mpango huo, na mgonjwa anastahili kulijua hilo kabla ya kuanza tiba.

Utafiti nao una mipaka yake. Makohozi na damu ya mkazi ni amana. Mtafiti hana budi kuwa na kibali cha kamati ya maadili, aeleze kwa lugha inayoeleweka sampuli zitafanyiwa nini, na apate ridhaa. Anayekataa kushiriki, au kujitoa katikati, hapotezi haki yake ya kutibiwa. Na jibu linalogusa afya ya mshiriki lisiishie kabatini.

Basi, mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi afike zahanati au kituo cha afya, akiwa na kadi yake ya matibabu ya awali. Anayetema damu asisubiri kesho. Na yeyote anayeambiwa aanze dawa upya ana haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, kipimo kimeonyesha nini?" Mhudumu mwadilifu hataudhika kwa swali hilo; na akiwa bado hana jibu, atasema hivyo na kutoa rufaa.