Mali Bila Daftari: Mchoraji Kijana na Rafiki Zake Wanamuziki

Mazungumzo kwa vijana wasanii wa Kaunti ya Isiolo na wazazi wao



Kijana anayejua kuchora hapa Isiolo hupata kazi yake ya kwanza mapema, lakini mara nyingi haitoki kwenye jumba la maonyesho. Inatoka kwa rafiki yake mwimbaji. Mmoja amerekodi wimbo na anataka picha ya kuuweka mtandaoni. Mwingine ana shoo Jumamosi na anahitaji bango. Wa tatu anapiga video huko Bula Pesa na anataka ukuta upakwe rangi. Mchoraji anakesha, na asubuhi kazi iko tayari. Malipo ni soda, asante, na ahadi kwamba wimbo ukivuma watakumbukana.

Mazungumzo haya yanahusu urafiki huo: faida yake, na mahali unapoweza kuvunjika.

Tuanze na faida, maana ni kubwa. Mwaka 2003, vijana waliokuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta walianzisha kundi la Just A Band. Hawakuwa wanamuziki tu. Miongoni mwao walikuwamo watu wa picha na video, kama Jim Chuchu na Mbithi Masya, na kazi ya macho na kazi ya masikio zilifanywa ndani ya kundi moja. Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008. Mwaka 2010 wakatoa video ya wimbo Ha-He, yenye shujaa wa kubuni aitwaye Makmende, jina ambalo watoto wa mitaani walilijua zamani. Wakenya wakamtungia vichekesho, wakamweka kwenye majalada ya magazeti ya kubuni, na habari zake zikavuka mipaka. Picha ndiyo iliyoubeba wimbo. Masya baadaye aliongoza filamu ya Kati Kati, ambayo mwaka 2016 ilipata tuzo ya wahakiki katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1965 mchoraji Elimo Njau na wenzake walifungua kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi, ambapo wachoraji walikaa pamoja na waandishi, wanamuziki na wacheza ngoma. Mwaka 2003, bohari la zamani katika eneo la viwanda la Nairobi liligeuzwa kuwa kituo cha sanaa cha GoDown, na humo pia mchoraji alisikia muziki ukifanyiwa mazoezi upande wa pili wa ukuta. Msanii hujifunza kwa jirani yake.

Isiolo ina utajiri wake katika jambo hilo. Mji huu uko njia panda, na jioni moja mchoraji anaweza kuketi na mwimbaji wa Kiborana, mpiga kinanda Msomali, rafiki Mturkana, Msamburu na Mmeru. Wimbo wa ng'ombe na kisima unampa picha ambayo hakuifikiria. Shanga za mama wa Kisamburu, gorfa ya maziwa ya Kiborana, hina mkononi mwa bi harusi na bangili za shaba zinazouzwa kando ya barabara vinampa rangi na umbo. Hiyo ni shule isiyo na karo.

Sasa tuje kwenye hatari. Chukua mfano wa kijana aliyemchorea rafiki yake picha ya wimbo. Wimbo unapendwa. Baada ya miezi sita picha ile iko kwenye fulana zinazouzwa, na jina la mchoraji halipo popote. Akiuliza, anaambiwa ana wivu. Urafiki unakufa, na mzazi aliyekuwa akisema kuchora ni kupoteza wakati anapata ushahidi.

Wengi hawajui sheria inasema nini hapo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya sanaa inalindwa pindi inapochorwa, hata kabla ya kusajiliwa. Ulinzi huo unadumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mchoro ni urithi kama shamba au mifugo. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu mwingine, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba mchoraji anayekaa kimya anaweza kuwa ameshatoa mali yake bila kujua.

Kinachobaki kwake ni haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye aliyechora, na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima.

Dawa yake si ugomvi wala wakili wa gharama kubwa. Ni karatasi moja iandikwe kabla ya brashi kuguswa rangi. Iseme nani anachora na nani ameagiza. Iseme picha itatumika wapi: mtandaoni pekee, au pia kwenye mabango na fulana. Iseme malipo ni kiasi gani na yatatolewa lini, hata kama ni shilingi mia tano. Iseme hakimiliki inabaki kwa nani, na jina la mchoraji litaandikwa wapi. Wote wawili watie sahihi na tarehe, kila mmoja abaki na nakala. Ujumbe wa simu ni afadhali kuliko maneno matupu, lakini karatasi yenye sahihi ni imara zaidi.

Pili, mchoraji apige picha kila kazi na kuihifadhi mahali zaidi ya pamoja. Mwaka 1997 moto uliunguza Paa ya Paa na kazi nyingi zikateketea. Tatu, asajili kazi zake muhimu kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Usajili hufanyika kwa mtandao, kwa hiyo kijana wa Merti au Garbatulla halazimiki kusafiri hadi Nairobi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 yaliongeza kwamba mchoro ukiuzwa tena kibiashara, kwa mfano kwenye mnada, msanii ana haki ya asilimia 5 ya bei. Asiyejulikana kuwa ndiye mchoraji ataidai vipi?

Haki hii ni ya pande zote. Mchoraji anayetumia wimbo wa rafiki yake kwenye video ya michoro yake naye aombe ruhusa na amtaje. Hawezi kudai heshima asiyoitoa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kijana akileta karatasi ya makubaliano nyumbani, isomwe naye kama inavyosomwa karatasi ya kuuziana ng'ombe.

Wako watakaosema kuandikiana ni kutoaminiana. Lakini wafanyabiashara wa Isiolo wanaoaminiana miaka nenda miaka rudi wana madaftari ya deni dukani, na bado wanaalikana harusini. Daftari ndilo linalowaepusha na ugomvi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mchoro nao ni mali.