Mpango wa Kaunti Hufia Afisini

(Hotuba iliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi.)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo wengi husema halituhusu: mpango wa miaka mitano wa kaunti. Nasema latuhusu sana, maana mpango ukishindwa wa kwanza kulaumiwa ni sisi. Mwananchi haendi kwa Gavana kuuliza kwa nini mfereji umekauka. Humwuliza fundi aliyemkuta njiani na spana mkononi.

Kwanza tujue sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataka kila kaunti, na ziko 47, iwe na mpango wa miaka mitano, na yakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti. Kwa karatasi hatuna upungufu.

Kuchelewa kwa fedha kutoka Nairobi twakujua sote, nako tutakuzungumza siku nyingine. Leo tutazame ndani ya nyumba yetu.

Mimi nilifanya ufundi wa maji katika kaunti moja, sitaitaja. Mpango ulisema maji yafikishwe sokoni. Mabomba yakanunuliwa, yakalala stoo tangu Oktoba hata Mei. Kwa nini? Viungo vya kuyaunga havikununuliwa. Mabomba yalikuwa katika hesabu ya ujenzi, viungo vikaachiwa hesabu ya matengenezo, na makarani wa afisi hizo mbili hawakupata kuketi meza moja hata siku moja. Mkubwa wetu alikuwa kaimu tu, mwaka wa pili ule, akiogopa kutia sahihi neno ambalo mwenye cheo atakuja kulikataa. Nasi mafundi, watu wanane, hatukujua kama soko limo katika mpango. Nililijua siku mama mmoja muuza samaki aliponionyesha karatasi aliyopewa katika mkutano wa wananchi. Yeye alikuwa na mpango. Mimi mwenye spana sikuwa nao.

Tena kuna mambo ya sisi kwa sisi. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zilirithi watumishi wa mabaraza 175 ya zamani, zikapokea wengine kutoka wizara za Serikali Kuu, kisha bodi za utumishi zikaandika wapya. Watu wa namna tatu, mishahara mbalimbali na masharti mbalimbali, chumba kimoja. Anayejua kila bomba lilipofukiwa ni mzee wa baraza la zamani, naye anapewa amri na kijana anayemzidi mshahara. Mzee ananyamaza kwa uchungu, kijana hana wa kumwuliza. Hapo mpango umekwisha kufa, na hakuna ripoti itakayoandika hivyo.

Sasa nasema neno ambalo wengine hawatalipenda. Kanuni za fedha za mwaka 2015 zasema mishahara ya kaunti isipite 35 kwa mia ya mapato yote, na sheria ya fedha ya 2012 yataka walau 30 kwa mia iende katika maendeleo. Kaunti nyingi zimeuvuka ule mpaka wa mishahara. Sisi tumezoea kujibu, "Mishahara isiguswe." Ni kweli, mshahara wa mfagizi usiguswe. Lakini tumeona afisi yenye matarishi sita wa kuchukua faili moja, waliokuja na uchaguzi, na huku idara ya maji haina fundi wa mita. Tukiwatetea wote sawasawa, hata majina yasiyo na watu, itakayoliwa ni fedha ya viungo na ya buti zetu.

Namsikia ndugu pale nyuma akisema, "Basi watatupunguza sisi." Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo sababu nataka chama kiwe na orodha yake, ya kazi zilizo tupu na ya mahali watu walipozidi, kabla bodi haijaleta yake. Katiba katika kifungu cha 41 yatupa haki ya kujadiliana na mwajiri, nasi tumeitumia kwa mshahara karibu peke yake.

Naliomba tawi hivi. Kila idara itoe mtu mmoja, alete ukurasa wa mpango unaohusu kazi yake, tuusome pamoja kwa Kiswahili. Akiambiwa ni siri, ataje kifungu cha 35, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Makaimu wote waandikwe, na tangu lini. Na mkutano wa wananchi wa bajeti ukitangazwa, tusiende kupanga viti tu, tuketi. Makadirio hufika Bungeni kufikia 30 Aprili. Anayekwenda Mei anakwenda matangani.

Karatasi ya majina iko kwa Katibu. Upande wa maji nimekwisha kujiandika.